Jina Kabla ya Kisu: Historia ya Utambuzi na Upasuaji wa Vifuko Maji vya Tumboni na Maana Yake kwa Istilahi za Tiba za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kutambua na kupasua vifuko maji visivyo saratani vinavyoota tumboni, hasa vile adimu vya mesenteri, kuanzia Florence ya karne ya 15 hadi Turkana ya miaka ya 1980. Hoja yake ni kwamba wagonjwa hawa hawakuponzwa na ugumu wa upasuaji peke yake, bali pia na jina walilopewa kabla ya kufika mbele ya mpasuaji: mimba, maji tumboni, saratani. Kiswahili cha hospitalini kinaweza kuyarudia makosa hayo, na kimeongeza moja la kwake, yaani kuuita uvimbe usio saratani "uvimbe usio na madhara".

Utangulizi

Mwandishi wa makala haya ni mtu wa lugha, si tabibu. Kilichomvuta kwenye mada hii ni jambo moja ambalo kila anayesoma historia ya upasuaji wa tumbo atakutana nalo: kwa zaidi ya miaka mia tatu uvimbe huu ulijulikana baada ya kifo au baada ya tumbo kufunguliwa, na kila mara palikuwa tayari na jina lingine lililotangulia. Jina hilo ndilo lililoamua mgonjwa atolewe maji kwa sindano, apasuliwe, au aachwe. Tangu Wakuu wa Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokiidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, swali la majina ya maradhi limetoka kwenye mabaraza ya istilahi na kuingia kwenye mipango ya serikali. Ni vema basi tuangalie lugha nyingine zilivyojikwaa.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mesenteri ni utando wenye mikunjo unaoushikilia utumbo mwembamba kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo na kuupitishia mishipa ya damu na ya limfu. Yeyote aliyeshiriki kuchinja na kutoa matumbo ya mbuzi ameuona, ule utando mwembamba wenye mafuta ambao huchanwa ili utumbo unyooke. Ndani ya utando huo, mara chache sana, huota kifuko chenye maji: mengine meupe kama maziwa kwa sababu ya mafuta ya limfu, mengine maangavu, mengine yaliyochanganyika na damu. Vitabu vya upasuaji hukadiria mgonjwa mmoja kwa kila watu wazima 100,000 wanaolazwa, na mmoja kwa kila watoto 20,000. Vifuko hivi karibu vyote si saratani. Vikikua vikubwa huweza kuujaza uwazi wa tumbo, na hapo ndipo huanza kufanana na kila kitu kingine.

Kijana wa Florence

Maandishi ya tiba humtaja Antonio Benivieni, tabibu wa Florence, kuwa wa kwanza kueleza kifuko cha mesenteri, alichokiona alipoupasua mwili wa mtoto wa kiume wa miaka minane. Makala nyingi za kitabibu hurudia kwamba uchunguzi huo ulifanyika mwaka 1507. Haiwezekani. Benivieni alifariki mwaka 1502; mwaka 1507 ni mwaka ambao kitabu chake cha Kilatini kuhusu visababishi vilivyofichika vya maradhi kilichapishwa baada ya kifo chake, kwa juhudi za ndugu yake. Kosa ni dogo, lakini linaonyesha jinsi taarifa inavyosafiri: mwandishi mmoja aliuchukua mwaka wa chapa akaufanya mwaka wa tukio, na waliomfuata wakamnukuu yeye badala ya kitabu. Sisi wa lugha tunayajua makosa ya namna hii kutoka kwenye kamusi zinazoigana.

Kikubwa zaidi ni kwamba Benivieni alijua alichokiona kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kufa. Ndivyo ilivyoendelea kuwa. Karl Rokitansky alipoeleza kifuko chenye limfu nyeupe huko Vienna mwaka 1842, naye alikuwa mtu wa chumba cha maiti. Kazi yake kubwa ilijengwa juu ya maelfu ya miili. Elimu ya ugonjwa huu ilikuwa sahihi na haikumsaidia mgonjwa yeyote.

Jina la kwanza: maji

Kwa walio hai, jina lilikuwa maji. Katika makaburi ya Bunhill Fields, London, pamesimama kaburi la Mary Page, aliyefariki mwaka 1728. Maandishi ya kaburi hilo yanaeleza kwamba katika miezi 67 alitobolewa tumbo mara 66 na kutolewa maji galoni 240. Hakuna anayeweza leo kusema maji hayo yalitoka wapi, na sina haja ya kumpa marehemu ugonjwa. Tarakimu hizo zinatosha kuonyesha tiba ya wakati ule: tumbo likijaa lilitobolewa, likijaa tena likatobolewa tena, na neno lililotumika halikutofautisha maji yaliyo huru ndani ya tumbo na maji yaliyofungwa ndani ya kifuko. Tofauti hiyo ndiyo yote. Maji huru hutokana na ini, moyo, figo, kifua kikuu au saratani iliyosambaa, na kuyatoa ni kumpumzisha mgonjwa tu. Maji ya kifukoni yana ukuta wake, na ukuta ukitolewa mzima ugonjwa umekwisha.

Matabibu walijifunza polepole kutofautisha hali hizi mbili kwa vidole. Mgonjwa akilala chali, maji huru huteremka ubavuni na utumbo wenye hewa huelea katikati. Kwa hiyo ukigonga kitovuni utasikia sauti ya ngoma, na ubavuni sauti iliyozibwa. Kifuko kikubwa hugeuza mpangilio huo: katikati pamezibwa, ubavuni panalia. Ni kipimo kisichogharimu chochote, na bado kinafundishwa. Lakini hakimwambii mpasuaji kifuko kimeota wapi.

Kisa kinachojulikana zaidi katika historia hii ni cha ovari, si cha mesenteri, na hakuna budi kukisimulia kwa sababu bila ovari mesenteri isingefikiwa. Mwezi Desemba 1809 Ephraim McDowell, aliyekuwa amesoma Edinburgh na kufanya kazi Danville, Kentucky, aliitwa kumwona Bibi Jane Todd Crawford. Waliomtazama kabla walidhani ana mimba iliyopitiliza, pengine ya mapacha. McDowell alimchunguza akakuta mji wa mimba ni mtupu, na jina likabadilika. Alimweleza kwamba hajui mtu aliyewahi kuondoa uvimbe kama huo akapona mgonjwa, kwamba ni jaribio, na kwamba akiwa tayari aje Danville. Bibi huyo alipanda farasi maili 60, uvimbe ukiegemea tandiko. Upasuaji ulichukua dakika 25 hivi, bila nusukaputi, kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa bado haijapatikana. Kifuko kilikuwa kikubwa mno kutoka kizima, ikabidi kwanza kifunguliwe na kutolewa ute wa ratili 15. Ukuta wake wenyewe ulikuwa na ratili saba na nusu. Siku ya tano McDowell alimkuta mgonjwa akitandika kitanda chake. Alirudi kwao na kuishi zaidi ya miaka 30.

Ripoti ya McDowell ilichapishwa Philadelphia mwaka 1817, ikiwa na wagonjwa watatu. Crawford anatajwa kwa jina. Wawili waliofuata ni wanawake Weusi, na ripoti inawatambulisha kwa rangi yao tu. Kentucky wakati huo ilikuwa jimbo la utumwa. Mazungumzo yale ya wazi kati ya tabibu na Crawford, yanayosifiwa hadi leo kuwa mfano wa ridhaa, hayana mfano wake kwa hao wawili, na anayeandika historia ya ridhaa ya mgonjwa akaishia kwa Crawford ameandika theluthi moja ya ripoti hiyo. Jambo hili nitalirudia chini, kwa sababu ridhaa ndiyo mahali ambapo istilahi hupimwa.

Huko Edinburgh, John Lizars alisoma habari za McDowell akaamua kujaribu. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1825 alieleza wagonjwa wake bila kujificha: alipofungua tumbo la mmoja wao hakukuta uvimbe wowote. Palikuwa na mafuta na utumbo uliojaa hewa. Mwanamke huyo alipona kidonda alichopata kwa ajili ya jina lisilokuwa na kitu nyuma yake. Kwa miongo kadhaa wapinzani wa upasuaji wa tumbo walikumbushana kisa hiki, na kwa haki.

Kisu kinapata nafasi

Dawa ya usingizi iliyoonyeshwa Boston mwaka 1846, na mafunzo ya Joseph Lister kuhusu kuua vijidudu yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1867, yalibadili hesabu. Spencer Wells wa London alitimiza upasuaji wa ovari 1,000 mwaka 1880, akiwa ameandika matokeo ya kila mmoja, waliopona na waliokufa. Waliokufa walikuwa chini ya robo ya wote, na idadi ilipungua kadiri miaka ilivyosonga. Kuandika kila kifo lilikuwa jambo jipya, na kwa maoni yangu ndilo lililowashawishi wenzake kuliko ustadi wa mikono yake.

Hapa ndipo mesenteri ilipojitokeza. Wapasuaji waliokwenda kutafuta kifuko cha ovari walianza kukuta vifuko visivyokuwa vya ovari, na wanaume nao wakaanza kuletwa na matumbo yaliyofura. Mwaka 1880 Paul Tillaux, mpasuaji wa Paris, alifanikiwa kuondoa kifuko cha mesenteri, na vitabu vinampa heshima ya kuwa wa kwanza. Mchango wake mkubwa zaidi ni dalili inayobeba jina lake hadi leo. Kifuko cha mesenteri, alisema, hupatikana karibu na kitovu. Ukikisukuma kulia na kushoto kinakwenda kwa urahisi, ukikisukuma juu na chini kinakataa. Sababu iko kwenye maumbile: shina la mesenteri limeshikizwa mgongoni kwa mstari wa mshazari wenye urefu wa sentimita 15 hivi, kutoka juu kushoto kuelekea chini kulia, na kitu kilichoning'inia kwenye mstari huo huyumba kukatiza mstari, hakifuati urefu wake. Kifuko cha omenta, lile shela la mafuta linalofunika utumbo kwa mbele, huenda kila upande. Kwa mara ya kwanza mkono uliowekwa juu ya ngozi uliweza kusema mahali kifuko kilipoota kabla kisu hakijasema.

Inafaa tukumbuke kwamba mwaka mmoja kabla ya Tillaux, tumbo lilikuwa likifunguliwa pia katika eneo letu. Robert Felkin, aliyekuwa akisomea tiba Edinburgh, alishuhudia mwaka 1879 huko Kahura, Bunyoro, mwanamke akipasuliwa kutolewa mtoto. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe ya ndizi, na mgonjwa alinyweshwa pombe hiyo hiyo; damu ilizuiwa kwa chuma cha moto; kidonda kikafungwa kwa misumari saba myembamba ya chuma na nyuzi za gome. Felkin alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Mama na mtoto walikuwa hai alipoondoka. Sidai kwamba waganga wa Bunyoro walipasua vifuko maji. Nadai tu kwamba anayesema ujuzi wa kufungua tumbo uliletwa Afrika Mashariki kwa meli hajamsoma Felkin.

Namna ya kutibu kifuko chenyewe ilibishaniwa kwa muda. Jules Péan, mpasuaji mwingine wa Paris, mwaka 1883 alishona kingo za kifuko kilichofunguliwa kwenye ukuta wa tumbo na kukiacha kikitoa maji nje mpaka kijifunge. Njia hiyo iliokoa wagonjwa ambao kifuko chao kilikuwa kimeshikamana mno, lakini iliwaachia kidonda kinachovuja, maambukizi, na mara nyingi kifuko kilirudi. Kunyonya maji kwa sindano kuna kasoro hiyo hiyo, maana ukuta unabaki na utatengeneza maji mengine. Tiba iliyokubalika ni kukibandua kifuko kizima kutoka kwenye mikunjo ya mesenteri, kama mtu anavyomenya chungwa bila kulitoboa, huku mishipa ya utumbo ikilindwa. Pale ambapo mishipa ya kifuko na ya utumbo ni ile ile, hukatwa pia kipande cha utumbo na ncha mbili kuunganishwa. Kwa watoto hili huhitajika mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima. Tangu mwaka 1993, iliporipotiwa mara ya kwanza kuondolewa kifuko cha mesenteri kwa matundu madogo na kamera, hospitali zenye vifaa zimeweza kukwepa mkato mrefu. Misingi haijabadilika.

Jina la pili: saratani

Tarehe 21 Julai 1955 Ian Donald, profesa wa uzazi na magonjwa ya wanawake Glasgow, alikwenda kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox, Renfrew, na magari mawili. Kwenye buti mlikuwa na uvimbe aliotoa kwa wagonjwa wake, mwingine mgumu, mwingine wenye maji. Kiwanda hicho kilikuwa na chombo cha mawimbi ya sauti cha kutafutia nyufa kwenye vyuma. Wenyeji walimpa pia pande kubwa la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Aliona kwamba uvimbe wenye maji hurudisha mwangwi kwenye kuta zake mbili na kati yake ni kimya, ilhali uvimbe mgumu huumeza mwangwi taratibu.

Baadaye aliombwa amtazame mwanamke aliyekuwa amelazwa akiwa na tumbo lililofura, amekonda, anatapika. Picha za eksirei zilikuwa zimesomwa kuwa saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa, isiyopasulika. Maji yaliyokuwamo yalichukuliwa kuwa ushahidi wa kusambaa huko. Chombo cha Donald kilionyesha kitu kingine: mwangwi ulionyesha ukuta, kisha kimya kirefu, kisha ukuta. Alikuwa na kifuko kikubwa cha ovari. Kiliondolewa, na mwanamke aliyekuwa akisubiri kufa akapona. Mwezi Juni 1958 Donald, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet, na ndiyo mwanzo wa ultrasaundi inayotumika leo hadi kwenye vituo vya afya vya wilaya.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu hapo hapakukosekana kisu, dawa ya usingizi wala mpasuaji. Glasgow ilikuwa navyo vyote. Mgonjwa alikuwa akifa kwa neno lililoandikwa kwenye faili.

Turkana: mahali hubadili jina

Kwetu, historia hii ina sura yake katika kaskazini-magharibi mwa Kenya. Turkana imewahi kurekodi viwango vya hidatidi vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Hidatidi ni vifuko maji vinavyotengenezwa na lava wa tegu wa mbwa, hasa kwenye ini, na vinaweza kuota popote tumboni, mesenteri ikiwamo. Katika jamii ya wafugaji ambamo mbwa huishi karibu na watu, mifugo na maji, mzunguko wa mnyoo huyo ni mwepesi. Shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, na katika miaka hiyo mashine ndogo ya ultrasaundi ilipelekwa manyattani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ulilinganisha mashine hiyo na vipimo vya damu kwa wahamaji wa Turkana, na mashine ikashinda.

Hesabu ya uwezekano hugeuka hapa. Kifuko ambacho Paris kingekuwa cha limfu kwa Turkana yafaa kidhaniwe kwanza kuwa cha mnyoo. Na kosa la jina hapa ni la hatari ya papo hapo: kifuko cha hidatidi kikitobolewa bila maandalizi huweza kumwaga maji yake tumboni, kuleta mzio mkali unaoua kwa dakika, na kupanda vifuko vingine kila yalikofika. Ndiyo maana leo kutoboa na kunyonya vifuko hivi hufanywa kwa utaratibu maalumu, chini ya kinga ya dawa ya albendazole.

Mwaka 2003 ulichapishwa uainishaji wa kimataifa wa picha za ultrasaundi za hidatidi chini ya Shirika la Afya Duniani. Vifuko vinavyojulikana kuwa vya mnyoo vimepangwa kwa madaraja matano. Lakini kabla ya madaraja hayo limewekwa kundi moja la pekee, CL, kwa ajili ya kifuko ambacho bado hakijathibitika ni cha nini. Waliotunga orodha hiyo walitambua kwamba kuna kipindi ambacho jina la uaminifu ni "hatujui bado", wakakipa mahali rasmi. Sijui orodha ya istilahi ya Kiswahili iliyofanya hivyo kwa maradhi ya tumbo.

Maneno tuliyonayo

Tukigeukia lugha yetu, tunaanza na mali nzuri. "Uvimbe" umejengwa juu ya kitenzi kama neno la Kilatini ambalo Ulaya imelitumia kwa maana hiyo hiyo, yaani kuvimba. "Saratani" tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako ni jina la kaa, kama ilivyo kwa Kigiriki na Kilatini. Na neno la Kigiriki lililozaa istilahi ya kimataifa ya kifuko maji lina maana ya kibofu au mfuko tu. Kwa hiyo "kifuko" si tafsiri hafifu, ni dhana yenyewe. Wanaopendelea "sisti" watasema linatambulika na madaktari wote. Ni kweli, lakini daktari si yeye anayehitaji kuelezwa.

Tatizo liko kwenye maneno mawili. La kwanza ni "maji tumboni", ambalo katika mazungumzo ya wodini hutumika kwa maji huru na huweza pia kutumika kwa kifuko, kama ilivyokuwa London ya Mary Page. Katika pwani, mwanamume akiambiwa ana maji chini ya kitovu anaweza kufikiri kwanza busha. Ninapendekeza "maji tumboni" libaki kwa maji huru pekee, na "kifuko maji" litumike kila penye ukuta, likifuatwa na mahali: kifuko maji cha mesenteri, cha omenta, cha ovari. Kwa mgonjwa, mesenteri iitwe utando unaoshikilia utumbo.

La pili ni zito zaidi. Uvimbe usio saratani huitwa katika Kilatini cha matabibu *benignus*, yaani mpole au mwema, na lugha nyingi zimelichukua neno hilo kama lilivyo. Kwa Kiswahili husikika mara nyingi "uvimbe usio na madhara". Tafsiri hii si sahihi kitabibu. Kifuko cha mesenteri hakina madhara mpaka siku kinapojisokota, kinapovuja damu ndani yake, kinapopasuka au kinapouziba utumbo, na hapo mgonjwa hufikishwa hospitalini usiku kwa upasuaji wa dharura ambao mchana, miezi kadhaa nyuma, ungekuwa wa kawaida. Aliyeambiwa uvimbe wake hauna madhara ana kila sababu ya kutorudi kliniki. Nauli ni yake, shamba ni lake, na daktari mwenyewe amesema hauna madhara. Jina la Glasgow lilimnyima mgonjwa upasuaji kwa kumtia hofu. Hili linamnyima kwa kumpa amani. "Uvimbe salama", ambalo nalo hupendekezwa, lina kasoro hiyo hiyo.

"Uvimbe usio saratani" ni sahihi zaidi, ingawa nalo lina tatizo ambalo wanaisimu tunalijua: ukanushi husikika kwa udhaifu kuliko nomino inayokanushwa. Mgonjwa mwenye hofu husikia "saratani" na kuisahau "usio". Kwa hiyo mpangilio wa maneno una uzito kama maneno yenyewe. Itangulie nomino ya kitu kilichopo, kisha kilichomo, kisha mahali, ndipo ukanushi, na mwisho hatari iliyobaki. Kwa mfano: "Una kifuko chenye maji, kimeota kwenye utando unaoshikilia utumbo. Picha haionyeshi saratani. Tutahakikisha kwa hadubini baada ya kukitoa. Kikiachwa kinaweza kujisokota au kuziba utumbo, ndiyo maana tunashauri kitolewe." Sentensi ya hadubini isiachwe. Aina ya kifuko, kiwe cha limfu, cha utando wa tumbo, cha utumbo, cha mnyoo au kilichoachwa na jeraha la zamani, hujulikana kwa uhakika kwa kuchunguza ukuta wake, na uainishaji unaotumika tangu mwaka 2000 umejengwa juu ya asili ya ukuta huo. Aina moja, ile yenye vifuko vingi vinavyotokana na utando wa tumbo, hurudi mara kwa mara hata baada ya kutolewa. Mgonjwa ambaye hakuambiwa kwamba jina la kwanza ni la muda ataona amedanganywa jina la pili litakapokuja.

Kwa hiyo napendekeza pia istilahi ya lile kundi la kusubiri: "kifuko kisichobainika". Liwe jina rasmi linaloruhusiwa kuandikwa kwenye faili na kwenye fomu ya ridhaa, si aibu ya kufichwa kwa neno "uvimbe" peke yake.

Uganda, kazi ya namna hii ina historia. Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alitunga kitabu cha msamiati na mazungumzo ya tiba kwa Kiluganda, kwa kuwa hakuweza kumtibu mtu asiyeweza kumuuliza. Dar es Salaam, TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina mamlaka ya kuunganisha juhudi za nchi zote. Lakini Lodwar, sentensi ya daktari hutoka kwenye Kiingereza cha faili, hupita kwenye Kiswahili cha muuguzi, na humfikia mgonjwa kwa Kiturkana. Arua hufika kwa Kilugbara. Neno linaloshindwa kuvuka daraja hilo la pili halijamfikia aliyelala kitandani. Ninaiomba Kamisheni, kabla ya kuidhinisha orodha yoyote ya istilahi za upasuaji, iyajaribu maneno hayo na wauguzi wakalimani wa hospitali mbili hizo: wapewe sentensi za ridhaa, wazitafsiri kwa mdomo, kisha mtu mwingine azirudishe kwenye Kiswahili, na tuone ni kipi kilichobaki cha "kifuko", cha "maji" na cha "si saratani".